Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yadi ya magari yaliyotumika ilifurika watu hata ikawa mtu hawezi kufungua mlango wa gari moja bila kumgonga mgongoni mwenzake anayechungulia jingine. Madalali walipaza sauti, honi zilijaribiwa, na harufu ya nta ya kung'arishia rangi ilipanda pamoja na joto la jua. Katikati ya msukosuko huo alisimama mwanamume mmoja, mpima ardhi kwa kazi yake, shati limepigwa pasi likasimama kama karatasi, viatu vinang'aa kuliko magari yenyewe. Kazini walimwita Mpima tu, na jina lilimkaa, kwani alikuwa mtu wa kupima kila jambo: maneno yake, mwendo wake, hata kicheko chake.

Siku hiyo, hata hivyo, kipimo kilimponyoka. Kwa robo saa nzima alikuwa akilikodolea macho gari moja la buluu.

Lilikuwa gari la aina ya stesheni, refu, paa lake limenyooka hadi nyuma na kuacha buti pana la kumeza mizigo. Chini ya boneti ilikaa injini yenye turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa hadi gari la kawaida likaenda mbio kama la mashindano.

"Bosi, hilo ni lako," dalali alimnong'oneza. "Buti la baba mwenye familia, mguu wa kijana. Nilete karatasi tuandikishane?"

"Limeshawashwa leo," sauti ya kike ilisema nyuma yao.

Mpima aligeuka. Mwanamke alikuwa amevaa ovaroli ya kijivu iliyobanwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, vipuli viwili vidogo vya dhahabu masikioni, na bisibisi ndefu imechomoza mfukoni. Kiganja chake kilikuwa juu ya boneti, kimetulia kama cha mtu anayemgusa mtoto kujua kama ana homa.

"Daktari, na leo umekuja kuniharibia riziki?" dalali alilalamika.

"Nimekuja kumkagulia mteja mwingine. Ila siwezi kupita hapa nikanyamaza." Akamgeukia Mpima. "Bwana, injini ya turbo ukitaka kuijua, uikute imelala, baridi kabisa. Kama ni mgonjwa, utauona moshi inapoamka. Hawa huwasha mapema ili ukifika, moshi uwe umeshatoka. Njoo kesho asubuhi kabla hawajafungua geti."

"Na wewe utakuwepo?" Mpima aliuliza, akashangaa kwamba swali hilo limetoka kinywani mwake.

"Nikiitwa kazini, naja. Una watoto wangapi, mpaka utake buti kama hilo?"

"Sina mtoto. Nina vifaa vyangu vya kupimia, na nina mama. Magoti yake hayamruhusu kupanda gari la juu. Nahitaji gari la chini, lenye nafasi."

"Ya chini yenye nafasi yamejaa hapa, tena bila turbo." Macho yake yalicheka kabla ya midomo. "Sema kweli. Unataka kukimbia, ila unaona haya."

Mpima, aliyelelewa na kengele za shule ya bweni na kufundishwa kwamba mwanamume hasemi uongo hata ukimfaa, alirekebisha kola ya shati. "Kidogo," alikiri.

"Kidogo!" Daktari alicheka hadi dalali, pamoja na hasira zake, akacheka naye.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, Mpima alielewa kwa nini mwanamke yule waliita Daktari. Daktari aliiegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, akaweka sikio kwenye mpini, akafumba macho na kusikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akasimama wima. "Linunue. Na uwaulize watu wa mji huu: mimi sijawahi kupitisha gari bovu."

Walilipeleka kwenye barabara tupu nje ya mji. Mpima akakanyaga. Kukapita kimya kifupi, kisha gari likawasukuma migongoni, na miti ikaanza kuwakimbia.

"Taratibu, mume wa watu!" Daktari alipiga kelele.

"Mimi si mume wa mtu."

"Ndicho nilichotaka kujua."

Waliporudi na kusimama, Mpima alinyoosha mkono kuzima. Daktari akamshika kiwiko. "Aa, usizime! Turbo imepata moto. Ukizima ghafla, oili inaungua humo humo ndani. Iache dakika mbili ijipoze, ndipo uzime. Kila ukilikimbiza."

"Dakika mbili tutafanya nini?"

"Nihadithie habari za huyo mama mwenye magoti."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Miezi minane ikapita, na gari la buluu likawa nyumba yao ya pili. Mama alikaa mbele, akimwita Daktari "mwanangu" na kumlalamikia kuhusu mwendo wa "huyu kaka yako asiyejua kuzeeka". Simu zililia mchana kutwa.

"Umekula, Mpima wangu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula grisi. Nimejipaka hadi puani. Bado unanipenda?"

"Suala hilo limekwisha kujadiliwa na kupitishwa."

"Jamani! Mwanamume anatongoza kama anayesoma kumbukumbu za kikao!"

Pete ilinunuliwa. Wazee wa pande zote mbili walipanga siku ya kukutana, Jumapili tatu mbele. Na hapo ndipo Daktari alipoanza kuliazima gari.

"Shangazi yangu anaumwa," alisema mara ya kwanza. "Nipe siku mbili, mpenzi." Baada ya wiki moja aliliomba tena, na safari hii hakumtazama machoni. Mpima aliliona hilo. Alilipima, akaliweka moyoni, wala hakuuliza. Kwake yeye, kumhoji mtu unayempenda ilikuwa ni kumvunjia heshima, yeye na wewe mwenyewe. Aliuita mwenendo huo uungwana. Ulikuwa kiburi kilichovaa suti.

Siku ya pili ya safari hiyo ya pili, saa kumi alasiri, alikuwa akirudi kutoka kazini katika pikapu ya ofisi. Foleni ilisimama. Upande wa pili wa barabara, mbele ya geti jeusi la nyumba ya mtu, liliegeshwa gari la buluu. Lilikuwa limesimama, lakini ekzosi ilitetemeka, injini haikuzimwa. Ndani mlikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Daktari, amevaa gauni la kijani ambalo yeye mwenyewe alimnunulia. Wa pili alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe, nywele bado zina maji ya kuoga. Vichwa vyao viliinamiana juu ya mkono wa yule mwanamume, kana kwamba wameshikana. Hakuna aliyeshuka. Daktari alisema neno, mwanamume akacheka.

Mpima alitoa simu. Akamwona, kwa macho yake, Daktari akiinua yake.

"Mpenzi," sauti ilisema.

"Uko wapi?"

"Niko kwa shangazi. Bado hajisikii vizuri. Jioni nakuletea gari."

"Msalimie," Mpima alisema, akakata. Foleni ikafunguka. "Twende," alimwambia dereva, ingawa dereva alikuwa ameshaondoa gari.

Jioni alizipokea funguo mlangoni, akashukuru, akasema anaumwa kichwa. Daktari alimgusa shavu. "Pole, baba. Lala." Alivumilia mkono ule kama mtu anayevumilia sindano.

Kulipokucha alilirudisha gari yadi, akaliuza kwa bei ya kutupa kwa dalali yule yule. Kisha akapiga simu.

"Nimeuza gari," alisema.

"Umeuza... Umeuza nini? Lini? Mpima, mbona hukuniambia? Lile gari mimi..."

"Mwambie shangazi yako mwenye shati jeupe atafute gari jingine la kukaa ndani. Wazee wasisumbuke kuja. Pete kaa nayo."

Alitarajia kilio, au kiapo.

"Uliniona," Daktari alisema taratibu. "Uliniona, ukanipigia, ukanisikiliza nikidanganya. Halafu ukanyamaza."

"Nyinyi ndio mlioninyamazisha."

"Ungevuka barabara tu, Mpima." Na simu ikakatika.

Mama alipopata habari alikuwa akikunja nguo kitandani. Aliendelea kukunja.

"Ulimuuliza?"

"Nilimwona, mama."

"Sijakuuliza umeona nini."

"Mama, mambo mengine hayahitaji kuulizwa."

"Haya, baba. Wewe ndiye uliyesoma." Akageuza uso ukutani, na kwa siku nne alizungumza na mwanawe kuhusu chumvi na dawa tu.

Siku ya kumi na mbili, Mpima akiwa ofisini ameinamia ramani, simu ilipigwa na namba asiyoijua.

"Naongea na mwenye lile gari la buluu lenye turbo?"

"Lilikuwa langu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni fundi wa turbo, bwana. Mchumba wako alinikataza kabisa nisikupigie, lakini kazi ni kazi. Turbo ikishakuwa mpya, lazima oili imwagwe mapema, la sivyo uchafu unabaki ndani. Mmeshamwaga?"

Mpima alikaa. "Turbo gani mpya?"

"Ehe! Basi kweli hakukwambia. Ile ya zamani ilianza kuvujisha oili. Alikuja kwangu karibu kulia. 'Nilimwambia sijawahi kupitisha gari bovu,' anasema, 'na hili ndilo gari la mume wangu.' Mara ya kwanza tukaifungua tukapima, tukaagiza kifaa. Mara ya pili tukafunga. Kifaa kizima kalipia yeye, akaniapisha nisiseme. Ana kiburi cha kazi, yule dada, kama mimi nilivyo na cha kwangu."

"Mlikuwa pamoja siku ile," Mpima alisema. "Nje ya geti jeusi."

"Ndiyo, kwangu hapo. Nilioga, tukatoka kulijaribu barabarani, tukalikimbiza vizuri. Akanirudisha nyumbani. Tukakaa humo dakika mbili ipoe, mimi nimetoa mkono naye anaihesabu saa yangu, maana yule akisema mbili ni mbili. Hata alitania kwamba kuna mpima ardhi mmoja kamfundisha kuhesabu. Bwana? Upo?"

Alikuwepo. Alikuwa akitazama ramani ya shamba la mtu, mipaka yake yote imenyooka, bila kuona mstari hata mmoja. Injini ile haikuzimwa mbele ya macho yake, naye alijua sababu kuliko mtu yeyote katika foleni ile. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo mara mia.

Aliomba ruhusa, akaenda kwa miguu hadi karakana ya Daktari. Ilikuwa mchana wa kazi: mlio wa vyuma, redio inakoroma, wateja watatu kwenye benchi. Daktari alikuwa ameinamia gari jeupe lililofunguliwa boneti. Ovaroli ilikuwa ile ile, vipuli havikuwepo. Alimwona, akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Fundi amenipigia," Mpima alisema.

"Nilimkataza."

"Nimekosa. Nimekosa mbele yako, mbele ya mama na mbele ya wazee wako. Nakiri bila kujitetea. Kama kuna nafasi, naomba siku ya wazee ipangwe upya. Naomba uwe mke wangu."

Mmoja wa wateja aliacha kutafuna. Daktari alimsogeza Mpima hadi nyuma ya rundo la matairi.

"Na mimi nilikosa," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikudanganya kwa kinywa changu. Niliona aibu. Nilikuwa nimejisifu mbele yako, halafu gari likaniumbua. Nilidhani nikilitengeneza kimya kimya, hutajua kwamba naweza kukosea. Siku hizi kumi na mbili nimeshika simu mara ngapi, sijui. Nikasema, hapana, nilimdanganya, ana haki ya kukasirika, nimwache apoe, atauliza. Mtu akipenda, atauliza."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja kwa sababu umeambiwa." Alimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakuwa na kicheko wala hasira, yalikuwa yakiomba. "Nijibu jambo moja, Mpima. Fundi asingekupigia, ungenipigia?"

Neno moja tu lilitakiwa, nalo lilikuwa jepesi. Mwanamume yeyote angelitoa, akapokewa, akasamehewa, akaoa. Mpima alilijua. Alijiangalia ndani, akapima kama alivyopima siku zote, akakuta kile kilichokuwepo.

"Hapana," alisema.

Daktari alitikisa kichwa polepole, kama fundi aliyesikia sauti aliyoihofia.

"Ahsante kwa kusema kweli," alisema. Pete ilikuwa kwenye kamba shingoni, ndani ya ovaroli, isiliwe na grisi. Aliivua, akamwekea kiganjani, akavifumba vidole vyake kimoja baada ya kingine. "Mama nitamtembelea mwenyewe. Usimwambie chochote kibaya juu yangu."

"Sina kibaya cha kusema."

"Na jema usimwambie. Atalia."

Akarudi kwenye gari jeupe, akaifunga boneti na kulipiga kofi paani. Mwenye gari aliingia, akawasha, akaanza kurudi nyuma kuelekea getini, ambako Mpima alikuwa ameshatembea na kusimama, ngumi yake imefumbwa.

"Kaka," Daktari alimwita, kwa sauti ile ya upole anayowapa wateja wote, "naomba usogee kidogo. Kuna mtu anatoka."

Mpima akasogea.