Mawe Chini ya Kitambaa

Mkuu wa shule, Citoyen Harelimana, “mwananchi” kama wote walivyoitwa siku hizo, alipoinua kile kitambaa cha kufuma hakukuta kompyuta. Alikuta katoni, na ndani ya katoni mawe meusi ya volkano, yaliyopangwa kwa ustadi hata ungedhani fundi amelipwa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwaka wa 1987, katika shule ya walimu mjini Goma. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walisimama nyuma ya mkuu na nguo zao za kanisani, maana mkaguzi kutoka Bukavu alikuwa njiani. Alikuwa anakuja kutazama jambo moja tu: walimu wa kesho wakifundisha kwa kompyuta. Kila mmoja angetoa somo lake mbele yake, na bila somo hilo hakuna diploma. Wafadhili walikuwa wameleta mashine nne. Tatu ndizo walizojifunzia mwaka mzima, wakibanana. Ya nne ilikaa pembeni imefunikwa. Mwalimu alisema ni ya akiba, asiiguse mtu.

"Nani alilala na ufunguo?" Harelimana akauliza.

Macho yote yakamwendea Mukabalisa.

Ni kweli alilala nao. Jana jioni mwalimu wao wa kompyuta, Citoyen Ntirenganya, alimpa ufunguo kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akamwambia afagie chumba, afunge, amrudishie asubuhi. Alifagia, akafunga, vitambaa hakuvigusa. Alieleza hivyo mara mbili, na mara ya pili maneno yake yalisikika kama uongo hata masikioni mwake mwenyewe.

"Hakuna mutu anatoka humu," Harelimana akasema. Alikwisha kumtuma mpishi akawaite askari. Akafunga mlango kwa ndani, akatia ufunguo mfukoni, akaketi.

Kilikuwa chumba chenye ulinzi kuliko vyote shuleni: mlango wa chuma, nondo nene madirishani. Kilijengwa ili mwizi asiingie, na leo kilifanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili. Mukabalisa alijua mambo yanavyokwenda. Ukishapandishwa kwenye jeep ya askari, kukutoa ni kazi ya wazazi wako, na mama yake alikuwa kijijini Kibumba akilima viazi, hana anayemjua mjini. Somo lingempita, diploma ingempita, na jina la mwizi lingebaki.

Mlinzi, Habarurema, aliitwa dirishani. Koti lake lilikuwa bado linachuruzika.

"Mvua ilipiga usiku muzima, préfet," akamwambia mkuu. "Nilijificha ku cuisine. Sikuona mutu."

Minong'ono ikaanza. Mlinzi anayelinda jikoni ni mlinzi gani? Kwa dakika chache Mukabalisa alipumua, na akaona aibu kwamba anapumua kwa sababu mwingine ameingia matatani. Lakini Habarurema hakuwa na ufunguo, na kufuli halikuvunjwa. Harelimana akamgeukia Ntirenganya, aliyesimama karibu na mashine.

Mwalimu alijibu polepole, akitazama sakafu, kama mtu anayesikitika kweli.

"Vendredi jioni niliziwasha zote ine, miye mwenyewe. Zilikuwa zinatembea muzuri. Kama moja haiko, ni jana ilitoka."

Ijumaa zilikuwa nne, jana ufunguo ulikuwa kwa Mukabalisa. Hesabu ilimfunga kamba shingoni. Akaomba aruhusiwe angalau kuyatazama hayo mawe, na Harelimana akamkubalia, nadhani kwa sababu askari walichelewa.

Alipiga magoti mbele ya katoni. Alikulia kati ya mawe kama hayo. Kuta za mashamba ya kwao ni mawe hayo, na utotoni kazi yake ilikuwa kuyapanga upya kila mara ng'ombe walipoyaangusha. Haya yalikuwa na kuvumwani, zile nyasi fupi laini zinazoshika jiwe penye mvua. Alizipitishia kidole. Zilivunjika zikawa unga wa kijivu. Kati ya jiwe na jiwe palikuwa na utando wa buibui, na ndani yake nzi waliokauka zamani.

Akaenda dirishani, akamwomba Habarurema jiwe moja la ukuta wa uani. Mlinzi alilipitisha kati ya nondo, limelowa, nalo likamwachia rangi ya kijani kiganjani. Mukabalisa aliliweka mezani mbele ya mkuu, na kando yake jiwe la katoni.

"Préfet, angalia. Kama nilileta haya mawe jana na ile mvua, yangekuwa na maji, na majani yake ingekuwa vert kama ya hili. Haya majani ilishakufa. Buibui ilishajenga nyumba. Haya mawe iko humu tangu wiki mingi."

Harelimana alisugua mwenyewe jiwe moja, kisha la pili. Akanusa vidole.

"Sasa vendredi," Mukabalisa akasema, "mwalimu aliwasha nini?"

Ntirenganya alitazama mlango, akatazama nondo, mwisho akakaa kwenye benchi la wanafunzi.

"Iko kwangu, kule Mabanga," akasema. "Chini ya kitanda. Imeungua."

Mvua za msimu zilipoanza aliichukua mashine, akaacha mawe mahali pake, akaipeleka nyumbani apate kujifunza. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, mashine ikatoa moshi. Leo kitambaa kingeinuliwa, ndiyo sababu jana alitafuta mtu wa kumpa ufunguo.

"Kujifunza?" Harelimana akashangaa. "Si tulikutuma Kinshasa?"

"Wiki moja, préfet. Tulikuwa watu wengi na ordinateur moja, sikuigusa hata na kidole. Nikarudi, ukanipa ufunguo. Nilikuambia sijui. Weye ukasema: anza tu, utajifunza mu njia."

Harelimana alilirudisha jiwe katoni.

"Na kwa nini mimi?" Mukabalisa akauliza.

"Ju unanipita. Kila siku unaniuliza kitu sina jibu. Niliogopa utaniuliza mbele ya inspecteur." Akainamisha kichwa. "Unisamehe, mutoto yangu."

Mukabalisa alimchukia na kumhurumia kwa pamoja. Jeep ikaingia uani. Mlango ukafunguliwa, askari wakamchukua mwalimu, naye akaenda bila kubishana. Nyuma ya jeep ilisikika honi ya gari la mkaguzi.

Harelimana alinyoosha koti lake. Akachomoa ufunguo kwenye kufuli.

"Inspecteur atauliza mwalimu wa ordinateur ni nani. Ni weye."

"Préfet, mimi ni mwanafunzi. Hata nusu yake sijui. Nani atanifundisha?"

"Anza tu," mkuu akasema, akiuweka ufunguo katika kiganja cha Mukabalisa, ambacho bado kilikuwa kijani. "Utajifunza mu njia."

Akatoka kumpokea mgeni, akauvuta mlango wa chuma nyuma yake.