Githeri Laini ya Mama Mkwe

"Karimi, sema ukweli mbele ya Mungu. Unakula chumvi ukijificha?"

Karimi aliendelea kukunja leso zake na kuzitia kwenye mfuko wa safari. Mimba ilikuwa imekua, na asubuhi hiyo kliniki ilipata presha imepanda tena.

"Mithika, mimi hula kutoka sufuria gani?"

"Ya mama. Na mama aliacha chumvi tangu nesi aseme."

"Basi mwizi ni mimi."

"Unachezea mtoto wangu!"

"Na mimi je? Nesi alisema presha hii inaweza kunifuata hata nikishazaa, miaka mingi. Wewe ulisikia mtoto tu."

Simu ya Mithika ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Njeru, ndugu ya Karimi:

"Shemeji, nimepita Chuka. Nakuja kumchukua dada yangu. Kama humwamini, sisi kwao Embu tunamwamini."

"Unaniacha kwa sababu ya swali moja?"

"Umeniuliza tangu kliniki, ukiwa na jibu tayari. Ndipo nikampigia Njeru."

Mama yake Mithika akaingia na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

"Kula kwanza, mwanangu. Hata ukinikasirikia, usitoke kwangu na njaa."

Karimi akaonja. Mahindi yaliyeyuka mdomoni.

"Mama, mahindi makavu yanaivaje hivi?"

"Si ni magadi! Bila magadi kuni zote zingeisha."

Karimi akageuka polepole.

"Mithika, mimi siwezi kumfundisha mama mkwe kupika. Ndiyo maana nilikutuma wewe. Nesi alikataza chumvi na magadi, vyote hupandisha presha. Ulimwambia?"

"Nilimwambia chumvi. Magadi niliona... ni mambo madogo ya wanawake."

"Na ukaniita mwizi."

Mama akaketi chini kama aliyesukumwa.

"Mithika, presha yangu ilianza nikikubeba wewe. Wakaniambia nikizaa itaisha. Hadi leo nameza dawa. Nimempikia mtoto wa watu ugonjwa wangu, ee Mungu!"

"Usilie, mama. Wewe hukuambiwa," Karimi akasema.

Mithika akapiga magoti.

"Nisamehe, Karimi."

"Nimekusamehe. Lakini nitazalia Embu."

"Basi twende wote."

"Ukafanye nini?"

"Nikupikie."

Mama akacheka machozi yakimtoka.

"Wewe? Hata chai huiunguza!"

Njeru akapiga honi langoni. Mithika akabeba mfuko wa mkewe mbele ya majirani wote, akasimama kando ya gari kama mtu anayeomba lifti.

Karimi akaingia garini, akamwangalia. Uso wake haukulainika. Kisha akasogea kidogo kwenye kiti.

"Ingia. Ila ukifika kwetu, mama yangu atakuuliza kwa nini uliniita mwizi. Utamjibu mwenyewe."