Soksi Moja Moja na Madigadi ya Kushoto

"Mama, fungua begi!"

Ndiyo. Nilimwambia hivyo mama mkwe wangu. Mama aliyemzaa mke wangu... sebuleni kwangu, leo, mchana kweupe!

Akanitazama kama hajasikia vizuri.

"Unasemaje, baba?"

"Nataka soksi zangu! Na vesti ya mtoto. Ulivyotaka kuvipeleka kwa mganga, vitoe!"

Subirini ndugu zangu. Matusi yenu nitayahitaji mwishoni.

Ni hivi. Tangu mama aje kutusaidia kulea mtoto, nguo ndogondogo zikawa zinapotea kwenye kamba. Soksi moja leo, nyingine kesho, kila mara moja tu, mwenzake anabaki mjane. Mwizi gani anaiba soksi moja? Nikasema huyu si mwizi, huyu ni mchawi!

Halafu alfajiri moja nikachungulia dirishani... namwona nani? Mama mkwe! Kainama kwenye tairi la mbele la gari langu, anamwaga unga mwekundu, midomo inacheza!

Nikatoka. Akanipokea kwa tabasamu.

"Baba, hili gari lako lina wenyewe."

Lina wenyewe! Jamani, nyie mngeelewaje?

Basi leo mke wangu alipotoka kwenda sokoni, nikamvaa mama wa watu. Hakubishana. Alifungua begi akatoa kimoja kimoja. Magauni. Dawa zake za presha. Nguo zake za ndani... mbele ya mkwewe!

Soksi hazikuwemo.

"Umeridhika, baba?"

Hata pole sikutoa. Akakunja vitu vyake, akabeba begi, akaenda kwa mdogo wake, mtaa wa pili.

Nikaingia kwenye gari nikapunge upepo. Nilivyokuwa na hasira, nikakata kona mapema... kwaa! Nguzo ya geti! Madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya tairi, ikabonyea mpaka ikagusa tairi.

Nikajisemea, haya, dawa imeanza kufanya kazi.

Mke wangu akarudi.

"Mama yuko wapi?"

"Kaenda kumsalimia mdogo wake."

"Na gari?"

"Geti lilinijia vibaya."

Akaguna. Sikutaka maswali, nikatoa jeki na spana. Madigadi nafungua mwenyewe! Video nimetazama mpaka bando likaisha, nishindwe nini?

Nikainua gari, nikatoa tairi. Nikang'oa ile plastiki ya ndani inayozuia tope. Nikalegeza ubavu wa bampa, nikafungua bolti zote za juu, chini ya boneti. Nikavuta. Wapi! Nikavuta tena, nusura nianguke chali.

"Fungua mlango wa mbele," mke wangu akasema. "Naiona bolti imejificha pale pembeni."

Kweli. Nikaifungua, na ya chini yake pia. Madigadi ikatoka...

Na panya wawili wakaruka nayo!

Mke wangu alipiga yowe majirani wote wakatoka. Pale nyuma ya madigadi kulikuwa na kiota kikubwa kama mto wa kulalia. Soksi zangu! Vesti ya mtoto! Na pembeni yake... unga mwekundu.

Mke wangu akaugusa, akaunusa, akapiga chafya.

"Hii pilipili. Mama aliniomba juzi, akasema anafukuza panya kwenye gari. Hajakwambia?"

Kumbe wenyewe ndio panya! Alinitania, nami nikasikia uchawi.

"Mbona unatoka jasho?"

Nikamweleza. Kila kitu. Na majirani wamesimama pale pale, nani ataondoka kwenye utamu kama huo? Mke wangu alinawa mikono, akambeba mtoto, akatangulia. Nikakusanya vile vitu kwenye mfuko, nikamfuata kwa miguu, gari nimeliacha uchi juu ya jeki.

Mama alikuwa amekaa barazani na mdogo wake. Nikapiga magoti.

"Fungua mfuko, baba," akasema taratibu.

Nikafungua. Nikatoa kimoja kimoja, mbele ya watu. Soksi. Soksi. Vesti. Chini kabisa, kitambaa cha kichwa cha kijani, kimetafunwa nusu.

"Hicho changu," akasema. "Kilipotea wiki ile ile niliyokuja."

"Mama... mbona hukusema?"

"Ningemuuliza nani? Nyumbani mko wewe, mwanangu na mjukuu wangu. Nikiuliza, si nitakuwa nimewaita wezi?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Inuka, unachafua suruali."

Akasamehe, lakini hakuinuka kuchukua begi turudi nyumbani. Mke wangu akaketi pembeni yake na mtoto, akasogea ukutani kama mtu atakayelala hapo hapo.

Nimerudi peke yangu. Madigadi nimeigonga ikanyooka nyooka, nimeirudisha. Bado inaacha upenyo mlangoni, na bolti moja imebaki mkononi, sijui ilitoka wapi. Nyumba kimya. Naandika na grisi vidoleni.

Wewe unayemshuku mtu wako leo, funzo langu ni dogo: kabla hujafungua begi la mzazi, fungua kwanza gari lako.

Haya. Yale matusi sasa, leteni.