Petali Iliyotoka Jawabuni

Naghma alikuwa anasaga jiwe alipomwita binti yake, "Sitwat, niletee maji!" Ukuta ukamrudishia: "Maji... maji... maji..."

Akaacha kusaga. Chumba chenyewe kilijaa magunia na magodoro mpaka darini, hata ukipiga yowe linafia hapo hapo. Na mwangwi huo aliujua, maana kila mtu wa Agra anaujua. Ni wa kuba la Taji Mahal. Ukisimama chini yake ukaita jina, linazunguka juu huko mpaka usahau kama ni wewe uliyeita.

"Umesikia hiyo?"

"Nisikie nini, Ammi? Ni joto hilo, limekupanda kichwani," Sitwat akacheka.

Ukuta nao ukacheka, umechelewa kidogo.

Sitwat alikuwa na mdomo, jamani! Majirani walimtania kwamba bwana harusi aje na pamba za masikio. Harusi ilikuwa karibu, na Naghma alikuwa anamtengenezea kasha la marumaru lenye maua ya mawe. Katikati ya ua kubwa alitia petali nyekundu ya akiki aliyoletewa na mumewe, Ghufran, fundi wa ukarabati kule Taji. Ilikuwa imelegea ukutani, Ghufran akaing'oa na kuziba pengo kwa jiwe jipya. "Akiki ya rangi hii haichimbwi tena," alisema. "Mpe mtoto."

Hapo ndipo walipokosea. Mafundi wa kale walikata petali mbili mbili kutoka jiwe moja, ya kulia na ya kushoto, rangi zifanane, na hakuna fundi wa mtaa wetu wa Tajganj asiyejua kwamba hizo hazitenganishwi. Ghufran alijua vizuri sana. Mapenzi ya mtoto yalimpofusha, basi.

Tena aliitoa wapi? Jawabuni! Taji ni kaburi la malkia, alilojengewa na mumewe mfalme; kushoto kwake kuna msikiti, na kulia wakajenga jengo kama lile lile, ili tu upande huo usibaki mtupu. Ndilo wanaloliita Jawabu. Limekipa kibla mgongo, kwa hiyo hapasaliwi, na mahali pasiposaliwa karne kwa karne hapakosi mwenyewe asiyeonekana.

Ndani ya nyumba pakaanza kunuka maji ya waridi na chokaa mbichi, na chini yake harufu ya popo. Sauti ya Sitwat ikakauka. Kadiri yake ilivyokauka, ya ukutani ilizidi kung'aa. Halafu mchana mmoja, wanakula mkate na dengu, Sitwat akafungua kinywa aombe chumvi na hakikutoka kitu, pumzi tu, na nyuma ya magunia, kwa sauti yake yeye mwenyewe, yenye kile kicheko chake cha mwishoni ambacho mama yake angekitambua hata sokoni penye watu elfu, ukuta ukasema, "Nipe chumvi, Ammi," na mtoto akajishika koo kwa mikono miwili akimtazama mama yake, machozi yakimtiririka bila hata kwikwi.

Wakamwita Maalim Qutbi. Alifika na chetezo chake, kifua mbele, akafukiza, akasoma. Ukuta ukamsomea vile vile, neno kwa neno, kwa sauti ya msichana. Maalim akaanza kutafuta viatu.

"Rudisheni jiwe lake," alinong'ona. "Kule kila kitu kina mwenzake. Mmemchukulia mmoja, naye kachukua mmoja."

"Na sauti ya mwanangu?"

"Mshukuru kabaki mzima, dada."

"Nishukuru nini?" Naghma akafoka. "Nimekuita umfukuze, wewe unaniambia nimwachie! Kiatu chako kile pale, nenda."

Ijumaa watalii hawaingii Taji. Wenyeji huingia kusali. Naghma aliingia na mumewe, nyundo na tindo ndani ya mkoba wake wa fundi, petali aliyoing'oa kwenye kasha kaikamata kiganjani. Watu wakashika njia ya msikitini. Wao wakaenda upande wa pili, jua la utosi likichoma mawe.

"Mama Sitwat, tuliache mlangoni tukimbie," Ghufran alinong'ona.

"Kimbia wewe."

Hakukimbia, masikini, lakini alishika upindo wa shela ya mkewe.

Ndani palikuwa baridi. Ng'ambo imamu alimaliza dua, watu wakaitikia "Amin," na humu ndani, juu darini penye popo, sauti ya Sitwat ikaitikia, "Amin... amin..."

"Shuka tuongee," Naghma akasema.

"Kila kitu hapa kina pacha," sauti ya mwanawe ikajibu, sikioni kabisa. "Mlinichukulia wangu, nami nimechukua wenu. Tumelingana."

"Muongo mkubwa! Yule bibi kalazwa katikati kabisa ya kaburi, kila kitu kimepimwa kumfuata yeye. Mumewe alipokufa wakamsukumia pembeni, akaharibu vipimo vyote. Mfalme mzima alishindwa kulinganisha, utalinganisha wewe, mla popo? Mwanangu hana pacha." Akaiweka petali sakafuni, akainua nyundo. "Rudisha sauti, au hii naisaga unga, na mwenzake akae mjane mpaka Kiyama."

Basi pakatoka mlio, kwanza mwembamba kama wa mbu, ukanenepa, ukapanda kuta zote pamoja, popo wakamwagika kutoka darini, harufu ya waridi ikageuka ya maji yaliyooza kwenye chombo cha maua, na Ghufran akapiga magoti huku bado kashika upindo wa shela, na Naghma anaogopa, naam, anaogopa, lakini nyundo hakuishusha.

"Chukua," ikasema mwishowe. Haikuwa tena sauti ya Sitwat. "Lakini sitabaki mikono mitupu."

"Utabaki na jiwe lako."

Naghma akang'oa lile jiwe jipya ukutani, akairudisha petali mahali pake. Ila aliitia kichwa chini, kusudi, ipishane na mwenzake daima.

"Ukae unaitazama," akasema.

Nyumbani walimkuta Sitwat barazani anagombana na muuza maziwa. Naghma akakaa chini pale pale, akalia.

Mwaka uliofuata, kwenye urusi wa mfalme, siku za kukumbuka kifo chake, watu wote wa mtaa waliingia kaburini. Wanawake wakaanza kuita majina chini ya kuba, na kuba likawarudishia mmoja mmoja. Naghma naye akainua uso, akaita kwa nguvu zote, "Sitwat!"

Kuba likanyamaza. Akaita tena. Kimya, kama mwangwi wake yeye umebaki Jawabuni. Wanawake wakaanza kusogea mbali naye, na puani ikamjia harufu ya waridi na chokaa.

Mkono wenye vikuku vya bi harusi ukamshika kiunoni.

"Abee, Ammi," Sitwat akamjibu. "Mbona unapiga kelele, na mimi niko hapa?"