Skana Iliyokataa Wifi, na Siku Nilipomwita Estelle Mwizi

Karatasi ilikuwa mkononi mwa Bruno.

Niliitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Kipande cha daftari letu la dukani, kimekunjwa mara mbili, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu ya bic. Nilivuka mbio, nikamnyang'anya.

Jina la wifi ya duka letu. Chini yake, namba ya siri.

Na mwandiko ulikuwa wa Estelle!

Jamani... Estelle! Mtu niliyefungua naye duka. Mtu aliyempokea mtoto wangu wa kwanza mikononi kabla hata baba yake hajamwona!

"Bruno, hii umeitoa wapi?"

"Uliza mwenzako."

Niligeuka. Estelle alikuwa amesimama mlangoni kwetu, mikono kichwani.

"Yaya Apo, ngoja nikuelezee..."

"Unielezee nini? Siku mbili skana inakataa, kumbe weye umempa huyu mutu siri yetu!"

"Si vile unawaza..."

"Mwizi! Toka! Sitaki kukuona mu hii duka tena!"

Watu walisimama. Wamama wa samaki, wenye pikipiki, hata jamaa mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli ya mawese aliiegemeza ukutani ili asikilize vizuri.

Estelle alishusha mikono. Aliingia, akachukua kibeti chake, akapita katikati ya watu na kwenda zake. Mimi nikabaki na karatasi yangu.

Msinihukumu bado. Nipeni nafasi niwaambie tulifikaje hapo.

Mimi ni Apolline; Estelle ananiita yaya Apo, yaani dada mkubwa. Niko Kasongo, huku Kongo, duka langu liko karibu na soko. Tunachapa barua, tunapiga kopi, tunapitisha dosie, yaani mafaili ya watu, kwenye skana na kuzituma mbali kwa mtandao. Mimi na Estelle, miaka sita.

Bruno naye alianzia kazi kwetu. Siku moja akatuaga, akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na letu, na wateja wengine wakamfuata. Toka siku ile mimi na yeye hatusalimiani.

Sasa, jumanne saa sita mchana, akashuka mama mmoja kwenye pikipiki, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Mgongoni alikuwa na furushi limefungwa kwa plastiki nene.

"Naitwa Dieudonnée. Natoka Wamaza. Hizi ni dosie za watu makumi mbili na tatu. Wa mtihani wa Serikali."

Ule mtihani wa kumaliza sekondari. Wote ishirini na tatu walikuwa watu wazima, walijisomea wenyewe bila shule. Dieudonnée mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na moja na watoto wanne. Vita vilimtoa darasani akiwa msichana. Sasa alikuwa amerudi.

Ofisi ya kule Kindu ilitaka dosie zote zifike kwa mtandao, mwisho jumatano saa tisa mchana. Na picha za simu hawazitaki, wanasema hazisomeki. Lazima skana.

"Na zisipofika?" nikamwuliza.

"Tungoje mwaka mwingine. Mie mwaka huu tu ndio bwana yangu alinikubalia. Wa pili... sijui."

Nikamwambia, "Mama, kaa. Ni mambo kidogo tu."

Mambo kidogo tu! Laiti ningejua...

Dosie nne za kwanza zilipita kama maji. Nikainama nyuma ya mashine kuokota karatasi iliyoanguka. Ya tano, kimya.

Ordinatere, kompyuta yetu, ikaandika: SKANA HAIONEKANI.

Haionekani vipi? Iko hapa, naigusa! Tena taa yake ya buluu inawaka, maana yake imeshaingia kwenye wifi.

Wenye wanafanya hii kazi watanielewa. Skana inakuambia, "Niko ndani." Ordinatere inakuambia, "Sioni mutu." Na weye uko katikati, unaangalia huku, unaangalia kule, mteja anakuangalia weye.

Nilizima skana, nikawasha. Nikazima modem, nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha. Nikasogeza skana karibu na modem mpaka zikagusana. Hapana!

Nikafuta kila kitu, nikaanza upya. Estelle akawa ananisomea namba ya siri, herufi moja moja.

"Imekubali!" akapiga kelele.

Dosie moja ikapita. Halafu... SKANA HAIONEKANI.

"Waya je? Haiko na waya?" Dieudonnée akauliza.

Ulikuwapo. Panya waliukata. Estelle alizunguka soko zima, duka kwa duka, waya wa namna ile hakupata.

Mama yangu, Mama Consolée, alikuwa amekaa pale pale, kwenye kona, karibu na skana. Wiki hiyo alikuwa anashinda kwangu dukani kwa sababu nyumbani kwake walikuwa wanabadilisha nyasi za paa. Anachambua maharagwe yake, ananitazama ninavyoinama nyuma ya mashine, jasho linanitiririka.

"Mutoto wangu, hii kitu iko na pepo."

Akaweka mkono juu ya skana, akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa Kiswahili, akaona haitoshi, akaomba kwa Kizimba, lugha ya kwetu.

Hakuna kitu.

Jumatano saa moja asubuhi nilifika wa kwanza. Nikawasha bila matumaini. Na skana ikafanya kazi! Dosie sita, moja kwa moja, bila hata kukohoa. Nikasema Mungu amesikia.

Saa tatu, Mama akiwa ameshakaa kwenye kona yake, ikakufa tena. Zilibaki dosie kumi na mbili.

Nilitaka kuibeba ile skana niitupe mu mto Lualaba, Mungu ananiona!

Saa nne nikatoka nje kupumua. Ndipo nikaona karatasi mkononi mwa Bruno.

Sasa mnanielewa? Nilijua nimempata pepo, na ana jina na kibeti.

Estelle alipoondoka, nikasema nabadilisha namba ya siri mara moja, nimfungie Bruno nje. Lakini ili uibadilishe, lazima uingie ndani ya modem yenyewe. Na namba ya kuingilia ndani ya modem aliijua mtu mmoja tu...

Estelle!

Nikapiga meza. Maharagwe ya Mama yakaruka.

Saa tano. Saa sita. Nazima, nawasha. Buluu. Haionekani. Nazima, nawasha. Buluu. Haionekani!

Kabla ya saa saba Dieudonnée alisimama.

"Mama Apolline, yule kaka wa ng'ambo, hii kazi anaijua?"

"Yule ni adui."

"Nimeuliza kama anajua kazi."

Nikaivuta skana karibu. Anaijua. Kunishinda mimi.

"Kiburi yako haitanifanyia mtihani," akasema. Hakupaza sauti. Akajifunga kitenge vizuri, akavuka barabara.

Bruno alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kabla sijagusa chochote," akasema, "nikuambie ukweli. Estelle aliniomba nisiseme, lakini umemfukuza mbele ya watu, siwezi tena kunyamaza."

"Sema."

"Alikuja kwangu leo saa tatu. Ilibakia kidogo tu apige magoti. Akasema, 'Bruno, yaya Apo hatakuita, namjua. Namba ya siri ndiyo hii, jaribu kuikamata skana ukiwa kwako, uone ugonjwa wake ni nini. Ukiupata, uniambie kimya kimya.' Ndiyo hiyo karatasi."

Niliiangalia tena ile karatasi.

Estelle hakuniuza. Estelle alimeza aibu yangu, akaenda kuniombea kwa mtu nisiyemsalimia!

"Bruno... mimi..."

"Utalia baadaye. Skana imepewa namba gani?"

"Namba gani tena?"

"Kila mashine ikiingia mu wifi inapewa namba yake, kama nyumba mu barabara. Finya hapa."

Nikafinya. Kwenye kioo kidogo cha skana zikatokea tarakimu. Akaziandika, akaenda kuangalia za ordinatere. Akazilinganisha. Akacheka kidogo kwa pua.

"Ordinatere yako inaanza na 192.168.1. Skana inaanza na 192.168.43. Haziko barabara moja."

"Maana yake?"

"Maana yake skana haidanganyi. Iko mu wifi kweli. Lakini si wifi yako! Hapa kuna wifi ya pili, jina sawa na yako, namba ya siri sawa na yako. Inaivuta skana upande wake. Na kwa hizi namba, naona ni simu ya mutu."

Damu ikanipanda tena. Nani?!

Bruno akatoa simu yake, akaanza kutafuta. Mlangoni, ile wifi ya pili ilikuwa dhaifu. Kwenye meza yangu, ikapanda. Karibu na skana, ikapanda zaidi. Akasogea hatua moja kwenye kona...

Ikajaa.

Sote tukamwangalia Mama Consolée. Mama akatuangalia sisi, maharagwe mkononi.

"Mama... simu yako iko wapi?"

Akafungua fundo la kitenge. Akaitoa.

Ilikuwa simu yangu ya zamani. Nilimpa jumatatu jioni, yake ilipotumbukia mu maji.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikataka ardhi inimeze. Mwaka jana radi ilipounguza modem, nilikuwa natumia simu hiyo hiyo kugawa mtandao dukani. Na ili nisihangaike kurekebisha mashine zote, niliipa jina lile lile la wifi ya duka. Na namba ile ile ya siri. Mimi mwenyewe! Kwa vidole vyangu!

Bruno akavuta kidole chini kwenye kioo cha simu. Kitufe cha kugawa mtandao kilikuwa kinawaka. Ubavuni mwake, kitufe cha torshi, ile tochi ya simu.

"Mama, hapa umefinya weye?"

"Ndiyo. Si torshi? Jana nilimwona mutoto wangu anainama mu giza nyuma ya ile mashine, nikasema nimumulikie. Lakini hii torshi yenu haiwaki! Nafinya, nafinya..."

Siku mbili, ndugu zangu. Siku mbili mama yangu alikuwa ananimulikia.

Dieudonnée aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mimi sikuweza kucheka.

Bruno akazima kile kitufe. Skana ikarudi kwenye wifi yake. Ikaonekana. Bruno anaingiza karatasi, Dieudonnée ananyoosha pembe zilizokunjamana njiani, mimi natuma. Ukurasa mmoja ulitoka mweusi, tukaurudia. Mwingine ulinasa, Bruno akauchomoa taratibu kama mwiba.

Saa nane na dakika arobaini, Kindu wakajibu: "Tumepokea dosie 23."

Dieudonnée alikaa chini sakafuni, akavua kitambaa cha kichwa, akajifunika nacho uso.

Mimi nilifunga duka, nikaenda kwa Estelle.

Nilimkuta uani anamenya muhogo. Hakuinua macho. Nikapiga magoti pale pale kwenye maganda, nikamweleza yote, simu, torshi, Bruno. Nikasema nisamehe.

Aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha.

"Yaya Apo, mwizi uliniita wapi?"

"Mbele ya duka."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na msamaha unaniletea hapa uani, mbele ya kuku?"

Nilijifuta maganda magotini, nikarudi nyumbani.

Kesho yake saa nne, soko limejaa, nilisimama mbele ya duka. Niliwaita wamama wa samaki. Niliwaita wenye pikipiki. Bruno alitoka kwake, akaegemea mlango. Nikasema kwa sauti ile ile niliyotumia kumfukuza:

"Jana nilimwita Estelle mwizi. Nilidanganya. Kosa lilikuwa langu. Estelle hajaiba kitu, alikuwa ananisaidia."

Wengine walicheka. Mama mmoja akasema, "Sasa ndiyo umesema." Estelle alikuwa amesimama nyuma yao. Hakunikumbatia, msidanganyike na simulizi nyingine. Alipita mbele yangu, akaingia, akatundika kibeti chake, akauliza:

"Nani wa kwanza?"

Ilichukua mwezi mzima mpaka akaniita tena yaya.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mambo yakikukwama, tafuta ugonjwa kwanza kabla hujatafuta mchawi. Anzia kwenye mikono yako mwenyewe. Na kama umemvunjia mtu heshima sokoni, usiende kumwomba msamaha uani. Rudi sokoni.