Namba Arobaini

Jua lilikuwa limeshaegemea ua wa miiba pale matroni alipotoka ofisini, rejista kwapani na kalamu sikioni. Ilikuwa kazi ya kila jioni: kuwapanga watoto mstari kiwanjani, kisha kumkabidhi mwalimu mkuu daftari aite namba. Lakini kwa wiki sita sasa, kila alipolishika daftari lile alipandwa na hasira.

Shule ile ilikuwa ya bweni, ya watoto wa wafugaji wanaohamahama. Wazazi waliwaleta muhula ukianza, kisha wakatokomea na mifugo yao kufuata mvua, na hakuna aliyejua waliko mpaka siku ya kufunga shule. Mwalimu mkuu hakutaka kujichosha na majina. Aliwapa namba, moja hadi arobaini. Na arobaini ndiyo ilikuwa roho ya shule, maana akipungua hata mmoja wakubwa wa mjini wangelifunga bweni, na watoto wangerudi kukimbizana na ndama. Wakaguzi walikuja, wakahesabu mistari ya rejista bila kusoma kilichoandikwa, wakanywa soda, wakaenda zao.

Namba arobaini alikuwa binti wa miaka minane, mdogo hata matroni akambandika jina la Nukta.

Nukta alikufa wiki ya tano ya muhula. Homa ilimshika mchana, na kufikia jioni alikuwa hajitambui. Matroni alimbeba mgongoni hadi mlangoni kwa mwalimu mkuu, akamwomba pikipiki ya shule impeleke zahanati. Mwalimu mkuu akatazama saa yake.

"Mafuta yaliyomo ni ya kumfuata mkaguzi kesho," alisema. "Mpe vidonge. Asubuhi atakuwa mzima."

Asubuhi walimzika nyuma ya tangi la maji, watoto wakiwa darasani. Matroni, mlinzi na mwalimu mkuu, basi. Mwalimu mkuu alijipangusa udongo viganjani, akasema namba haifutwi. "Ukimfuta huyu mmoja, umewafukuza thelathini na tisa. Ndivyo unavyotaka, Matroni?"

Na matroni, Mungu amsamehe, alinyamaza. Watoto waliambiwa Nukta amelazwa hospitali kubwa. Kisha yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alimwagiza jirani wa kitanda cha Nukta, binti mmoja mwenye pengo la jino, ambaye wote walimwita Pengo: ikiitwa arobaini, itika wewe.

Basi jioni ile mwalimu mkuu akashuka na namba zake, haraka haraka, kama mtu anayehesabu matofali. Thelathini na nane. Nipo. Thelathini na tisa. Nipo.

"Arobaini."

"Nipo."

Sauti ndogo. Yenye kuhema, ya mtoto aliyetoka mbioni.

Matroni alikuwa ameisikia sauti hiyo kwa wiki kadhaa, na kila mara ilimchoma. Mstari ulipovunjika alimshika Pengo mkono akamvuta pembeni.

"Nilikwambia uitike, sikukwambia umwigize," alinong'ona. "Huoni aibu?"

Pengo akamtazama kwa mshangao. "Si mimi, Mama."

"Si wewe, nani?"

"Mimi niliacha siku nyingi. Jioni moja nilitaka kuitika, mwenyewe akaniwahi. Nikajua amerudi kutoka hospitali."

Matroni akainama karibu naye. "Umemwona?"

"Hapana. Anasimama nyuma yangu... Si wewe ulitukataza kugeuka mstarini?"

Matroni akatazama pale Pengo alipokuwa amesimama. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu. Moshi wa kuni na ngozi ya mbuzi, harufu wanayokuja nayo watoto siku ya kwanza, ambayo sabuni ya shule huimaliza kabla ya wiki kwisha. Hii ilikuwa wiki ya kumi na moja. Na chini, kwenye vumbi, palikuwa na nyayo mbili ndogo zisizo na viatu.

Watoto wote walivaa viatu.

Kesho yake, saa ile ile ya kupanga mstari, mwanamke mmoja akafika langoni. Alikuwa mrefu, mkavu, fimbo mkononi, miguu imepasuka kwa mwendo. Hakuhitaji kujieleza. Matroni aliyaona macho ya Nukta usoni mwake.

"Ndiwe unayewalea?" mwanamke aliuliza.

"Ndimi, mama. Karibu... Kuna jambo..."

"Usihangaike. Najua mwanangu amekufa. Sikuja kuuliza hilo." Alizungumza polepole, na hasira yake ilikuwa imetulia tuli, hasira ya mtu aliyetembea nayo siku tisa. "Nimekuja kuuliza nani anamwita."

Matroni akageuka kutazama kiwanja.

"Anakuja kwangu kila usiku," mwanamke akaendelea. "Analala ubavuni pangu, miguu vumbi tupu. Kukipambazuka anainuka. Namwambia lala, mwanangu, umeshamaliza kazi za dunia. Ananijibu, mama, jioni nitaitwa. Sisi tunahama, dada. Kila tukisogea, njia yake inazidi kurefuka. Sasa anafika anatambaa. Wafu wa watu wanapumzika. Wangu ametembezwa mpaka nyayo zimekwisha."

Matroni alilia hapo hapo, bila kujificha. Kisha machozi yakakauka na kilichobaki kikawa ghadhabu. Alikwenda moja kwa moja kiwanjani.

"Mwalimu, leo ishia thelathini na tisa."

Mwalimu mkuu alimtazama yule mwanamke, akamtazama matroni, akacheka puani. "Mnaleta ushirikina mbele ya watoto? Mkaguzi anakuja Jumatatu."

"Nakuomba. Ishia hapo."

Akaita zote. Alipofika thelathini na tisa aliwaangalia wanawake wale wawili mmoja mmoja, kisha akapaza sauti kwa makusudi.

"Arobaini."

Kimya.

Upepo ulikuwa umekufa. Hata mbwa wa mlinzi aliacha kujikuna.

Kisha, mbali, nje ya ua... pa... pa... pa... Miguu midogo inakuja mbio. Ikapita langoni. Ikapita ubavuni pa yule mwanamke, na upindo wa nguo yake ukapepea. Harufu ya moshi ikajaa kiwanja kizima. Watoto hawakugeuka. Walikuwa wamefundishwa.

"Nipo," sauti ikasema, pumzi zikikatika. "Nimechelewa, mwalimu. Naomba usinipige."

Daftari likamdondoka mwalimu mkuu. Mwanamke hakulia. Alisimama tu, mkono umenyooshwa nyuma ya Pengo, vidole vikipapasa hewa.

Matroni akaliokota daftari. "Mstari wake ni huu, mama," alisema, akauwekea kidole.

"Mtoe."

Akaufuta, kalamu ikachana karatasi. Mwalimu mkuu akapata sauti. "Umeifunga shule, mjinga wewe. Watoto thelathini na tisa..."

"Kwani ni lazima pabaki patupu?" mwanamke aliuliza. Alikuwa anamtazama mwalimu mkuu kwa mara ya kwanza. "Mwandike huyo. Naye ajue njia ilivyo."

Matroni hakusita. Juu ya ule mchano aliandika jina la mwalimu mkuu, lote, herufi kwa herufi, huku mwenyewe akiangalia na kucheka kicheko ambacho hakikufika mbali. Mwanamke akaondoka kabla giza halijaingia. Kwenye vumbi la njia aliacha nyayo za mtu mmoja, na zilizama sana, nyayo za mtu aliyebeba mtoto.

Mkaguzi alikuja Jumatatu, akahesabu mistari arobaini, akanywa soda. Muhula uliofuata mwalimu mkuu aliomba uhamisho, akapelekwa shule ya mjini, mwendo wa siku mbili kwa basi. Sasa matroni ndiye anayeita.

Mke wa mwalimu mkuu amempigia simu mara tatu. Anasema mumewe alianza kwa kunyanyuka kitini jioni akitafuta viatu. Siku hizi haamki kabisa kuanzia mchana, macho wazi, na usiku akizinduka nyayo zake zinatoka damu. Madaktari hawaoni kitu. "Nakuomba, dada yangu," alisema mara ya mwisho, akinong'ona. "Anasema anaitwa. Kama unajua lolote, nihurumie."

Matroni alimpa pole. Kisha akachukua rejista, akaenda kiwanjani, akawapanga watoto. Siku hizi anawaita kwa majina yao, mmoja mmoja, na wa mwisho tu ndiye anayemwita kwa namba. Angeweza kuacha. Kila jioni anajua kwamba angeweza kuacha. Anatazama nyuma ya tangi la maji, anasubiri hasira ipungue, haipungui.

"Arobaini."

Na nyuma ya mstari, sauti nzito ya mwanamume, inayohema, iliyochelewa kidogo kuliko jana, inaitika.