Kanda ya Mama Zipporah

Siku ya maonyesho ya kilimo Kakamega, mwaka ambao miwa ililipa na kila mfanyakazi wa kiwanda cha sukari alitaka video nyumbani, Sifuna alisimama kwenye kibanda cha mashine za video aina ya Beta, tai nyekundu shingoni, hana mteja. Kibanda cha mashine za VHS mkabala kilikuwa kimewachukua wote. Ndipo akaingia Awinja, gauni la manjano, viatu vimejaa vumbi, na baba yake Mzee Were nyuma.

"Hii mashine inachezanga kanda yoyote?" Awinja akauliza. "Tuko na ya mama akiimba kanisani. Oduor wa Mumias ndiye alirekodi, kabla mama afariki. Baba amekataa tuione mpaka siku ya kumbukumbu yake."

Sifuna alimjua Oduor. Kamera yake ilikuwa ya VHS, na kanda ya VHS haiingii kwenye Beta hata uisukume kwa nyundo. Akatazama kile kibanda kingine, kisha akatazama macho ya msichana.

"Yoyote, mrembo. Hata ya harusi yetu."

"Harusi? Na jina langu hujui." Awinja akacheka, na mzee akanunua.

Wakapendana. Awinja alikuwa akimpigia simu kwenye duka lake la Beta kutoka ofisi ya kiwanda, alikofanya kazi.

"Umekula, ama unaongea tu na warembo?"

"Warembo wamehamia VHS, mpenzi. Nimebaki na wewe."

Miezi saba Sifuna alitaka kusema ukweli, na miezi saba akanyamaza. Alikuwa mwoga, tuseme tu. Siku ya kumbukumbu ilipofika alisingizia kazi, akabaki dukani akiiogopa simu. Ikalia.

"Kanda haiingii, Sifuna. Watu wamejaa mpaka nje. Baba anasukuma tu, anaambia wageni wangoje. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya maonyesho."

Simu ikakatwa. Aibu ikamshika Sifuna mwili mzima. Akavuka barabara mpaka duka la VHS, kwa Nanjala, aliyeshindana naye mwaka mzima.

"Niazime mashine."

"Yetu? Wewe wa Beta? Nitaambia mji wote."

"Ambia."

Alifika kwa Mzee Were ameikumbatia mashine, jasho limelowesha tai. Wageni wakamwachia njia.

"Mzee, usimlaumu Oduor, kanda yake ni nzima. Nilikudanganya nikijua. Naomba msamaha mbele ya hawa watu wote."

Mzee Were hakumtazama. "Unganisha," akasema.

Mama Zipporah akatokea kwenye televisheni, kitambaa cha buluu kichwani, akiimba. Mzee Were akafunika mdomo kwa kiganja. Sifuna akaibeba ile Beta aliyomuuzia mzee, akaelekea mlangoni, akamkuta Awinja amesimama hapo.

"Unaenda wapi?"

"Sistahili kukaa hapa."

"Hustahili," Awinja akasema, machozi yakimtoka. "Lakini mama anaimba. Mtu hatokangi mama akiimba."

Akamshika mkono, akamketisha sakafuni kando yake. Sifuna akaipakata ile Beta mapajani, akausikiliza wimbo mpaka mwisho bila kuinua macho.